Maumivu ya kesho yake si asidi

Kwa miaka mingi wanaojiandaa na mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na mbio wameambiwa kwamba misuli inayouma siku mbili baada ya mazoezi imejaa asidi ya laktiki, na dawa yake ni kukimbia tena hadi itoke. Sivyo. Laktati, yaani asidi hiyo jinsi inavyokuwa mwilini, hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Tena mwili huitumia kama nishati. Maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72, laktati ikiwa imeshaondoka zamani.

Chanzo ni nyuzi za misuli kuchanika kidogo kidogo, hasa msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Ndiyo maana kushuka kilima cha Bugando jijini Mwanza huumiza mapaja kuliko kukipanda, na kuogelea ziwani hakuumizi hivyo. Ukikimbia kwa nguvu misuli ikiwa imechanika hivyo, unaichelewesha kupona. Siku mbili za kwanza endesha baiskeli dakika 20 hadi 30 kwenye tambarare, gia nyepesi. Lala vya kutosha. Kila mlo upate protini gramu 20 hadi 30. Kipande cha sangara cha gramu 120 kinatosha. Miteremko iongeze polepole, wiki hadi wiki.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, huenda misuli imeumia vibaya: nenda hospitali siku hiyo hiyo.