Kipindi chako cha sauti kinakaa kwa nani?

Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya GeoCities ya Marekani iligawa kurasa za bure kwenye intaneti kwa mtindo wa mitaa. Mpenda filamu alijiandikisha Hollywood, mtu wa kompyuta SiliconValley, kila mmoja na namba yake ya nyumba. Watu walikesha wakijifunza HTML, lugha ya kuundia kurasa za intaneti, ili waweke picha za familia na maandishi ya kumetameta. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Wapangaji wote nje. Kilichopona kilinakiliwa na watu wa kujitolea, Archive Team wakiwa mbele, waliokimbizana na tarehe ya kufungwa.

Kwetu tunaohifadhi kumbukumbu za kidijitali, habari hiyo ndiyo tunayoanza nayo mtu anapotuuliza aweke wapi podikasti yake, yaani kipindi chake cha sauti cha kwenye intaneti.

Baada ya kurasa binafsi zikaja blogu. Blogger ilianza 1999, WordPress 2003, na HTML ikaacha kuwa kizingiti. Ulitakiwa kujua kuandika tu. Mwandishi Mtanzania Ndesanjo Macha akafungua Jikomboe, miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Lakini jambo kubwa zaidi halikuonekana kwa macho: blogu nyingi zilikuwa na mlisho wa RSS, yaani faili dogo la maandishi linaloorodhesha makala mpya ili programu nyingine izichukue zenyewe.

Desemba 2000, Dave Winer, akisukumwa na mtangazaji Adam Curry, aliongeza kwenye RSS kiambatisho chenye mambo matatu tu: anwani ya faili la sauti, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake. Podikasti yote imesimama juu ya mstari huo mmoja. Simu ya msikilizaji hupitia mlisho kila baada ya muda, ikikuta kipindi kipya inakipakua. Mwaka 2003 mtangazaji wa redio wa Marekani, Christopher Lydon, akaanza kutoa mahojiano yake kwa njia hiyo, 2004 Curry akaanza kipindi chake, na Juni 2005 Apple ikaingiza podikasti ndani ya iTunes.

Watu wengi hudhani podikasti za kawaida zinahifadhiwa kwa Apple. Sivyo. Apple inaorodhesha milisho. Sauti iko kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia, uliyoichagua wewe. Ndiyo maana mwenye mlisho anaweza kuhama na wasikilizaji wake wote. Mwenye chaneli ya YouTube au kundi la WhatsApp hawezi. Sisemi muache WhatsApp, maana huku kwetu ndiko wasikilizaji waliko, na anayehesabu bando hasahau hilo. Ila pasiwe ndipo mahali pekee kipindi kilipo.

Kuhusu bando: nusu saa ya MP3 kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 14, kwa 128 ni mara mbili yake. Kwa mazungumzo matupu, 64 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, inatosha kabisa. Hiyo ni nakala ya kusambaza. Rekodi ya asili ibaki WAV, faili la sauti isiyobanwa, ambayo kwa nusu saa ya mono hula takribani MB 160, na ikae sehemu mbili, mojawapo ikiwa diski iliyo mkononi mwako. Tumeletewa vipindi ambavyo nakala pekee iliyobaki ni ile iliyobanwa mara mbili tatu kwa kutumwa kwenye simu. Sauti ya namna hiyo hairudishiki.

Kabla ya kujiunga na huduma yoyote ya kuhifadhi podikasti, hasa ya bure, waulize swali moja: nikiondoka, mtaelekeza anwani ya mlisho wangu wa zamani kwenda mpya? Uelekezaji huo huitwa 301, na Apple inashauri uachwe ukifanya kazi kwa angalau wiki 4. Wakikataa, tafuta wengine. Hakikisha pia barua pepe iliyoandikwa ndani ya mlisho ni yako, si ya fundi aliyekufungulia, kwa sababu mara nyingi huko ndiko hutumwa msimbo wa kuthibitisha mwenye kipindi siku unapohama.