Wakili kakupotezea kesi? Soma hii kabla hujamshtaki

Tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ipite huku nyanda za juu kusini watu wameamka, na hilo ni jema, ila malalamiko mengine tunayoletewa yanachosha. "Wakili wangu kanunuliwa." Ushahidi? Hamna. Kesi ina pande mbili, mmoja lazima ashindwe, na kushindwa peke yake siyo uzembe.

Kazi yangu ni kuwatetea mawakili wenzangu wanaodaiwa fidia na wateja wao, kwahiyo nawaambia kutoka upande wa pili: mara nyingi nashinda kwa sababu mdai hana karatasi.

Uzembe wenyewe unakuwaje? Baraza la ardhi na nyumba la wilaya limetoa hukumu, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, hela umeshatoa na nakala ya hukumu umempa wakili, yeye kaikalia mpaka siku zimepita. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uzembe wa wakili kwa kawaida mahakama haiuchukulii kama sababu ya kutosha, mzigo unabaki kwako. Na ukimdai fidia bado uonyeshe kwamba hiyo rufaa ilikuwa na uzito, maana rufaa mbovu hata ingewahi isingekupa kitu. Hapo ndo wengi wanakwama.

Siyo wote lakini. Mzee mmoja wa Tukuyu, mgogoro wa shamba la parachichi, nilimuuliza kizimbani alimlipa wakili lini, nikijua hana risiti. Akatoa simu taratibu, akaonyesha meseji ya M-Pesa, siku ya 12 baada ya hukumu, na chini yake jibu la mteja wangu: "Imeingia mzee, we relax." Tulivyotoka tu nikamwambia mteja wangu tuyamalize.

Sasa milango ni miwili na msiichanganye. Nidhamu ni Kamati ya Mawakili, ipo kwa Sheria ya Mawakili Sura ya 341, anakaa Jaji wa Mahakama Kuu kama mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au mwakilishi wake, na wakili mmoja kutoka TLS, yaani Chama cha Mawakili Tanganyika. Unapeleka lalamiko la maandishi lenye kiapo na vielelezo, siyo kupiga simu kufoka. Kamati inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye orodha ya mawakili, naye asiporidhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Fidia ni mahakamani: ukidai kwa mkataba una miaka 6, ukidai kwa madhara ya uzembe miaka 3, ikipita umechelewa kama yeye alivyochelewa.

Na kama aliyekuandikia hati ni kishoka, usije kwetu wala Kamati, huyo siyo wakili, anafanya kosa la jinai, nenda polisi. Jina lake lingetafutwa e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, kabla hujatoa hela, ni dakika chache tu kwenye simu.