Nyumba Tulivu Haijengwi kwa Usafi wa Jumamosi: Dhana Potofu na Ukweli

Kwa miaka kadhaa chumbani kwetu palikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kazi yake ilikuwa kubeba nguo. Kila wiki nilizitoa, nikazikunja, nikazirudisha kabatini, na kabla ya siku tatu kupita kilikuwa kimejaa tena. Siku moja, badala ya kukunja, nilikaa kitandani nikaitazama nguo moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa za aina moja: zimevaliwa mara moja tu, hazijachafuka kiasi cha kufuliwa, lakini moyo hauridhii kuzichanganya na zile zilizopigwa pasi. Kapu la nguo chafu lilikuwepo na kabati lilikuwepo. Hizi za katikati ndizo zilizokosa kwao, zikajitafutia. Nikapigilia ndoano nne nyuma ya mlango, na tangu hapo kiti kimerudi kuwa kiti.

Naanza na kiti hicho kwa sababu mengi tunayoambiana kuhusu nyumba tulivu humlaumu mtu, wakati kinachokosekana ni kitu kidogo sana: ama kitu hakina mahali pake, ama tendo limeachwa hatua moja kabla ya kuisha. Bahasha imefunguliwa lakini haijatupwa. Mkasi umetumika lakini umebaki mezani. Ukiitazama fujo kwa karibu, utakuta ni viporo vya kazi vilivyorundikana.

"Wenye nyumba nadhifu wana nidhamu ya chuma"

Dhana hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, maana anayeiamini hukata shauri kwamba hakuumbwa hivyo. Mwaka 2015, Brian Galla na Angela Duckworth wa Marekani walichapisha tafiti sita kuhusu watu wanaojidhibiti vizuri. Walichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya siri yao ni mazoea. Hawashindani na nafsi zao kuliko wengine. Wanashindana nazo kidogo zaidi, kwa kuwa mambo mengi mkono wao unayafanya bila kujadiliana na akili.

Na mazoea yametawala siku kuliko tunavyodhani. Mwaka 2002, Wendy Wood na wenzake waliwaomba watu waandike kila saa walichokuwa wakifanya. Takriban asilimia 43 ya matendo yalikuwa yale yanayorudiwa karibu kila siku, mahali pale pale, mara nyingi akili ikiwa kwingine. Wahenga walisema mazoea ni kama sheria, na sheria hiyo haichagui upande. Anayeingia na kutupa funguo popote anafuata mazoea sawasawa na anayezitundika. Wote wawili hawajafikiri. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kubadilisha mwendo mmoja wa mkono, na tabia yako nyingine yote unaweza kuiacha ilivyo.

Namna ya kuubadilisha inajulikana. Azimio la "nitakuwa nadhifu" halina pa kushika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza maazimio ya aina nyingine, yale ya "likitokea hili, nafanya lile", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 yaliyoonyesha kwamba yanasaidia kweli kutimiza lengo. Nyumbani yanakuwa hivi: nikifunga mlango, natundika funguo. Nikizima taa ya sebuleni, nabeba kikombe kilichobaki. Tukio la kwanza tayari unalifanya kila siku, na ndilo litakalokukumbusha la pili.

"Tabia mpya hujengeka kwa siku 21"

Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "walau" likadondoka njiani, sura ikasahaulika, na ikabaki namba.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London ndio waliokwenda kupima. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja la kurudia kila siku, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Muda wa kati ulikuwa siku 66. Wa haraka alifika kwa siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji siku 254.

Kwangu mimi, jambo la thamani zaidi katika utafiti ule ni lingine: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nimewaona watu waliosafisha sinki kila usiku kwa wiki tatu, wakalala na vyombo usiku mmoja wa uchovu, asubuhi wakasema "basi, nimeshindwa" na hawakurudi tena. Usiku ule mmoja haukuwa na neno. Kilichowaangusha ni hukumu waliyojipa asubuhi.

"Nikisafisha kila kitu Jumamosi, inatosha"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotea.

Uchafu haukai ukikusubiri. Tone la mafuta lililorukia ukuta wa jikoni, likipanguswa likiwa bichi, huondoka kwa kitambaa na maji ya sabuni. Likiachwa kwenye joto na hewa, chembe zake huungana na kuwa utando mgumu unaonata, na sasa unahitaji brashi, sabuni kali na bega. Matone ya maji magumu, yaani yenye madini mengi, kwenye bomba hukauka na kuacha chokaa, na tabaka la kesho hukaa juu ya la leo. Unyevu una haraka zaidi: wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, EPA, unashauri sehemu iliyolowa ikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuvu isiote. Taulo lililotupwa sakafuni Jumatatu haliwezi kungoja Jumamosi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga siku uliyokusudia kupumzika.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana kirahisi. Chukua kikombe kimoja, saa tatu usiku. Kikisuuzwa pale pale na kugeuzwa kwenye kichanja cha vyombo, ni sekunde ishirini. Kikiwekwa ndani ya sinki, kimeshatoa ruhusa. Atakayekuja na sahani ataiweka juu yake, kwa kuwa sinki tayari "lina vyombo". Wa tatu hatapata hata pa kunawia mikono. Asubuhi anayeamka wa kwanza anakuta mlima ambao hakuna mtu aliyeamua kuujenga. Ndiyo maana naamini sinki tupu usiku lina thamani kuliko sakafu inayong'aa. Sakafu chafu haimwaliki mtu kuichafua zaidi, lakini sinki lenye kikombe kimoja linaita cha pili.

Usafi mkubwa una nafasi yake, sikatai. Madirisha, nyuma ya kabati, chini ya godoro, hivyo vinahitaji siku yao. Lakini siku hiyo isitumike kukusanya vikombe.

"Nahitaji makasha na rafu zaidi"

Viwanda vya Japani vina utaratibu wa kupanga mahali pa kazi unaojulikana kama 5S, na mpangilio wa maneno yake ni somo tosha. La kwanza ni *seiri*, kuchambua na kuondoa kisichohitajika. *Seiton*, kupanga vilivyobaki, ni la pili. Anayenunua makasha kabla ya kuchambua ameanza na la pili, na kasha litameza makorokoro yake yote bila kuyapunguza. Chambua droo moja, uone kilichobaki, ndipo ujue kama kasha linahitajika. Mara nyingi halihitajiki. Na kitu cha kila siku kikae kati ya kiuno na macho, mahali ambapo kukirudisha ni rahisi sawa na kukichukua. Kasha lenye kifuniko, lililo chini ya kasha jingine, halirudishiwi kitu.

"Harufu kali ndiyo usafi"

Harufu ni harufu tu. Dawa ya klorini hudhoofishwa na uchafu wenyewe, kwa hiyo sehemu ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, kisha dawa ipakwe na kuachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Na tafadhali, usichanganye dawa ya klorini na siki, wala na kisafishio chenye amonia. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote huunguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kujifunza hilo. Kwa shughuli nyingi za kila siku, maji na sabuni ya kawaida yanatosha.

"Kitanda kitandikwe mara tu unapoamka"

Usiku mzima mwili umetoa jasho na pumzi. Wadudu wadogo wa vumbi hujipatia maji kutoka kwenye unyevu wa hewa, nao hustawi pale unyevu huo unaponaswa chini ya shuka. Kunjua shuka, fungua dirisha, nenda kaoge, kisha rudi utandike.

"Wanaume hawaoni fujo"

Wanaiona. Mwaka 2019, Sarah Thébaud, Sabino Kornrich na Leah Ruppanner walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha ya chumba. Wanaume na wanawake walikiona chumba kimoja kuwa na fujo kwa kiwango kile kile. Tofauti ilikuwa kwenye hukumu: chumba safi kilipotajwa kuwa cha mwanamke, kilionekana si safi sana kama kilipotajwa kuwa cha mwanamume. Yaani macho ni yale yale, lakini aibu imewekwa kichwani pa mmoja.

Huenda aibu hiyo inaingia hata mwilini. Mwaka 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha utafiti wa wanandoa jozi 30 wa Los Angeles, wote wakifanya kazi za ajira. Wake walioielezea nyumba yao kwa maneno ya mrundikano na kazi zisizoisha walikuwa na mteremko hafifu zaidi wa kotisoli, homoni ya msongo, ambayo hutakiwa kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa waume haikuonekana hivyo. Na Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa za kazi za matunzo zisizolipwa duniani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni tabia gani ndogo italeta utulivu nyumbani, mojawapo ya majibu yangu inahusu neno. Neno "kumsaidia". Baba anayeosha vyombo husifiwa kwamba anamsaidia mama, na mtoto anayefagia anamsaidia dada. Neno hilo linamwachia mtu mmoja kazi ya kuona, kukumbuka na kutuma, ambayo inachosha kuliko kufagia kwenyewe. Gawaneni kazi nzima nzima. Anayebeba taka na abebe pia jukumu la kuona kwamba ndoo imejaa na kwamba mifuko imekwisha. Ukimkumbusha kila mara, bado kazi ni yako.

"Penye watoto hapawezi kuwa na utulivu"

Ukimya hautakuwepo, na usiutafute. Utaratibu unawezekana. Katika Chuo Kikuu cha Toledo, watafiti waliwapa watoto wadogo 36 nafasi ya kucheza, mara na vitu vinne, mara na vitu 16. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Basi vingine vifichwe na vibadilishwe kila baada ya wiki chache. Kikapu cha vitu vya kuchezea kiwe chini, kipana, bila kifuniko. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kupanga, lakini kutumbukiza anaweza, na hupenda kufanya hivyo.

"Nyumba tulivu haina kitu kinachoonekana nje"

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kuna sebule inayometa ambayo watu wake wanaogopa kukaa, na kila mgeni akibisha hodi vitu vinasukumiwa chumbani. Kitabu kilichofunguliwa mezani na anayekisoma hakivurugi chochote. Mimi hupima kwa swali moja: jioni, vilivyotoka vinaweza kurudi makwao kwa muda gani? Ikiwa ni dakika kumi, nyumba iko sawa hata kama mchana ilionekana kama soko.

Ukitaka kuanza, usiizungukie nyumba nzima. Kesho jioni simama mahali panapokuudhi kuliko pote, uvitazame vitu vilivyopo kimoja kimoja kama nilivyokitazama kiti. Kila kimoja kiulize kimekosa mahali, au kimekosa hatua ya mwisho. Kisichokuwa na mahali, kipe kabla hujalala. Kilichokosa hatua ya mwisho, kifungie tendo moja unalolifanya tayari kila siku, kisha ukiache hicho peke yake kwa miezi miwili kabla ya kuongeza kingine.