Mota isiyo na brashi kwa gari la rimoti: maneno ya barazani na ukweli wake

Mwenye gari la rimoti hapa Tanga akishachoka na mota ya brashi iliyokuja nalo, hukusanya ushauri kabla ya kukusanya fedha. Ataupata kwa rafiki wa Chumbageni, kwa fundi redio wa Ngamiani, na kwenye video za Wamarekani wanaokimbiza magari yao juu ya lami laini kama meza. Mengi anayoambiwa ni kweli. Yaliyobaki humtoa fedha mara mbili. Nayapitia hayo yaliyobaki, nikimfikiria mtu mwenye gari la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, na mfuko wa kawaida.

Kwanza jambo moja la msingi. Mota ya brashi ina kaboni mbili zinazosugua komutata, ile pete ya shaba kwenye shafti, na humo ndimo umeme unamopita. Isiyo na brashi imegeuza mpangilio: sumaku ziko kwenye shafti, koili zimekaa kwenye ganda, na kidhibiti mwendo ndicho kinachopeleka umeme kwa zamu kupitia nyaya tatu. Msuguano wa kaboni haupo, joto hupungua, na betri ileile hukupeleka mbali zaidi.

"Nabadilisha mota tu, kidhibiti ninacho"

Kidhibiti cha mota ya brashi kina nyaya mbili za kwenda kwenye mota. Hakiwezi kuendesha mota ya nyaya tatu, hata ukiunganisha kwa ustadi gani. Nimesikia fundi akimwambia kijana, "Mwanangu, huo wa tatu ni waya wa ethi, uache." Sivyo. Zote tatu zinafanya kazi, na ukiacha mmoja mota itatetemeka bila kuzunguka. Gari likienda kinyumenyume ulipotaka liende mbele, badilishana nyaya zozote mbili kati ya hizo tatu. Usifanye hivyo kwa mota yenye sensa, yaani kihisi cha kuonyesha sumaku ziko upande gani: hiyo nyaya zake zina herufi A, B na C, na lazima zifuatwe.

Ipo nafuu kwa wachache. Seti nyingi za Tamiya TT-02, gari la rimoti la kuunganisha mwenyewe, huja na kidhibiti cha TBLE-02S, nacho hukubali mota ya brashi na pia isiyo na brashi, mradi iwe ya sensa. Mwenye gari hilo asome kikomo cha mota kwenye karatasi ya maelezo kabla ya kununua kidhibiti kingine.

Tena gari lenyewe liangalie. Bushi za plastiki zilizozoea mota ya taratibu huyeyuka mwendo ukiongezeka, difu ya plastiki hung'oka meno, na shafti za magurudumu hujikunja. Fedha ya beringi za chuma itoke kwenye bajeti hiyohiyo ya mota, isisubiri mwezi ujao.

"kV kubwa ndiyo mota yenye nguvu"

Hii ndiyo dhana inayokula fedha kuliko zote. kV hapa haihusiani na kilovolti za nguzo za TANESCO. Ni mizunguko ambayo mota hufanya kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Mota ya 3300 kV kwenye betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili, yaani volti 7.4, huzunguka kama mara 24,400 kwa dakika. Ya 5400 kV kwa betri hiyohiyo hufika karibu 40,000.

Hiyo ni kasi ya mzunguko tu. Chukua mota mbili za ukubwa mmoja, zilizojazwa shaba kiasi kilekile. Ya kV ndogo imezungushiwa waya mara nyingi zaidi, hivyo kila ampea inaipa msukumo mkubwa. Ya kV kubwa ina mizunguko michache ya waya mnene, na itadai ampea nyingi kuleta msukumo uleule. Kinachoamua mota iweze kubeba mzigo gani bila kuungua ni ukubwa wa mwili wake, na ukubwa huo umeandikwa kwenye jina: 3650 ni kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50, 3660 imeongezwa milimita 10 za urefu. Kwa gari zito la magurudumu manne, 3660 ya kV ndogo itakufaa kuliko 3650 yenye tarakimu za kutisha.

Tuipige hesabu kwa gari lenye magurudumu ya kipenyo cha sentimita 11 na giya zinazopunguza mzunguko mara 12. Mota ya 3300 kV na seli mbili: kilomita 42 kwa saa kwenye karatasi, kabla upepo, uzito na mchanga havijachukua chao. Ukiweka seli tatu, volti 11.1, unapata 63. Mota ya 5400 kV na seli tatu inakupa karibu 104, na shafti yake inatakiwa izunguke karibu mara 60,000 kwa dakika wakati mota nyingi za ukubwa huu zimeandikiwa kikomo cha 50,000. Sasa nionyeshe mahali Tanga pa kukimbiza kigari cha kilo mbili na nusu kwa kasi hiyo. Tangamano kuna watu. Mitaa ya Ngamiani ina baiskeli, bajaji na watoto wa madrasa. Ufukweni, mchanga wenyewe utakushika miguu.

Kwa hiyo mtu wa seli mbili, anayetaka siku moja ajaribu tatu, achague kati ya 3000 na 3500 kV, aanze na pinioni ndogo, ile giya inayokaa kwenye shafti ya mota. Ukitoka kwenye mota ya brashi ukabakiza pinioni ya zamani, giya hiyo kwa kawaida itakuwa ndefu mno, yaani yenye meno mengi kupita kiasi, na mota itachemka hata ukienda polepole. Baada ya dakika tano za mwendo simama, pima ganda. Likikaribia nyuzi 80 za selsiasi, punguza meno ya pinioni. Sumaku ikizidiwa na joto hupoteza nguvu yake na hairudi, hata mota ikipoa. Na kumbuka Tanga mchana wa Januari au Februari hewa yenyewe imeshapita nyuzi 30 kabla hujawasha chochote. Video iliyopigwa Ulaya wakati wa baridi haikuhesabu hilo.

"Ampea nyingi kwenye boksi, kidhibiti bora"

Fikiria betri ya mAh 5000, yaani ampea 5 kwa saa moja, inayokutosha dakika 20. Hesabu yake ni rahisi: kwa wastani gari limekula ampea 15. Basi kidhibiti cha ampea 60 kina nafasi ya kutosha kwa gari la 1/10, na ziada ile ni ya sekunde chache za kuondoka na za kukwama mchangani. Kidhibiti kilichoandikwa 120 kwa bei ya chini ya kile cha 60, chenye nyaya nyembamba zilezile na kipozea joto kidogo kilekile, kimeongezewa wino tu. Tazama unene wa nyaya, tazama kipozea joto na feni, na usome ampea za kudumu badala ya zile za kupasuka ghafla ambazo huandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna tarakimu nyingine ndogo ambayo karibu hakuna anayeiuliza: umeme ambao kidhibiti hugawia risiva, kinachopokea amri za rimoti, na sevo ya steringi, mota ndogo inayogeuza magurudumu. Volti 6 na ampea 3 zinatosha sevo ya kawaida. Kikitoa ampea 1 tu, ukikata kona ghafla risiva inazimika kwa nukta moja na gari linajiendea lenyewe. Watu hulaumu rimoti.

"Betri yoyote itafaa, hata seli za kompyuta mpakato"

Mafundi wetu hawatupi kitu, na seli za 18650 zilizotolewa kwenye betri mbovu za kompyuta mpakato zinawasha taa na spika nyumba nyingi. Ila seli ya aina hiyo imeundwa kutoa umeme taratibu, kwa kawaida ampea 4 au 5. Ukihitaji ampea 40 kwa volti 7.4 utapanga seli nane sambamba mara mbili, jumla 16. Kila moja ina gramu 45 hivi, kwa hiyo umebebesha gari gramu 720, wakati lipo ya seli mbili ya mAh 5000 ni chini ya nusu ya hapo. Ukipunguza seli, zitachemka.

Kwenye lipo tazama herufi C. Zidisha C kwa uwezo wa betri: mAh 5000 ya 30C inadai kutoa ampea 150, na hata ukiamini nusu tu ya madai hayo bado inatosha. mAh 1500 ya 20C ni ampea 30, nayo ikilazimishwa kulisha mota ya 3650 itavimba mapema. Kidhibiti kiwekwe kikate umeme seli ikishuka kwenye volti 3.2 hivi, betri ikae ghalani kwenye volti 3.8 kwa seli, na chaja iwe ya kusawazisha seli. Chaja ya bei ndogo isiyosawazisha ndiyo inayochoma nyumba. Hapa simwonei huruma mfuko wa mtu.

Betri pia ndiyo ngumu kuagiza. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege za abiria. Mota na kidhibiti vinaweza kufika huku betri ikiwa bado inatafuta njia. Hakikisha betri kwanza, ujue ni ya seli ngapi na plagi gani, ndipo uchague mota.

"Bila sensa ni mota duni"

Sensa humwambia kidhibiti sumaku ziko upande gani, ndiyo maana mota ya sensa huondoka laini. Isiyo na sensa hukisia, na mwanzo wa mwendo unaweza kuigugumiza kidogo, hasa gari likiwa zito au giya ndefu. Ikishashika kasi hutaona tofauti. Kwa anayepanda mawe taratibu, sensa ni lazima. Kwa anayekimbia tambarare, ni waya mmoja zaidi wa kuingia mchanga, na fedha yake heri iende kwenye betri.

"Imeandikwa haiingii maji, twende ufukwe wa Raskazone"

Maneno hayo mara nyingi yanahusu kidhibiti, ambacho bodi yake imemwagiwa gundi. Hayahusu plagi ya betri, wala feni, mara nyingi wala swichi. Na aliyeyaandika alifikiria dimbwi la mvua. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri kuliko ya mvua, na chumvi ikikauka kwenye plagi inaendelea kuila shaba ukiwa umelala. Mota yenyewe, ajabu, hustahimili maji: waya wa koili umepakwa vanishi. Kinachokufa ni beringi.

Kubwa kuliko maji ni mchanga. Ukanda wa kusini mwa mji kuelekea Pangani unajulikana kwa mchanga mzito wenye ilmenaiti, madini ya chuma na titani, na penye mchanga mweusi zipo chembe zinazovutwa na sumaku. Ndani ya mota kuna sumaku kali, na nafasi kati yake na koili ni ndogo sana. Chembe zikiingia hazitoki kwa kupuliza. Zinazunguka humo zikikwangua. Ukipenda ufukwe, chagua mota iliyozibwa pande zote hata kama inapoa polepole zaidi, na endesha pale mchanga ulipolowa ukashikana maji yakishakupwa. Mchanga mkavu wa juu humlazimisha mota kuvuta umeme kama anayepanda mlima muda wote.

Ukirudi, suuza kwa maji ya bomba betri ikiwa imetolewa, kausha kivulini, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi. Wanaosema mota isiyo na brashi haihitaji matengenezo wamesahau beringi hizo. Kaboni za kubadilisha hazipo, basi.

"Rahisi ghali" na ndugu yake "ghali ndiyo bora"

Seti za mota na kidhibiti cha ampea 60 zisizo na jina kubwa mara nyingi hupatikana mtandaoni chini ya dola 60. Zenye jina, kama QuicRun na EZRUN za Hobbywing, hupanda kuelekea dola 100. Juu yake weka usafiri na forodha, ukijua VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mtu wa jioni za Jumapili hatapata kasi ya ziada kwa kulipa mara mbili. Anachopata ni karatasi ya maelezo inayosomeka, kidhibiti kinachojizima kikichemka badala ya kuungua, na spea za kujulikana. Kwa kidhibiti, mimi ningelipia hayo. Kwa mota ningekubali ya bei ya chini, kwa sababu ni koili, sumaku na beringi mbili, na beringi zinabadilishika.

Kununua mota peke yake na kidhibiti peke yake inawezekana, ila seti huondoa kubahatisha plagi na viwango. Ukiiagiza, ongeza pinioni mbili: moja ya meno yanayopendekezwa, nyingine pungufu kwa mawili. Tundu lake liwe milimita 3.175, ndiyo shafti ya 3650 nyingi. Mota za magari ya 1/8 hutumia milimita 5. Ukubwa wa meno ya pinioni ufanane na wa giya kubwa iliyomo garini. Wakati wa kufunga, pitisha kipande cha karatasi ya daftari katikati ya giya mbili, zibane, kaza skrubu za mota, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, mpishano ni sawa.