Je, wajua kwa nini taa ya betri huwaka hafifu ilhali betri yenyewe ni nzima?

Unaendesha usiku, na kwenye dashibodi kile kitaa chekundu chenye picha ya betri kinang'aa kwa mbali, kama kaa la moto linalokaribia kuzima. Asubuhi ukipiga stata unasikia tik tik tu. Wengi hapo hukimbilia betri mpya, na baada ya siku chache wanarudi palepale.

Kitaa kile hakipimi betri. Katika magari mengi, hasa ya zamani kidogo, upande mmoja wa balbu yake umeungwa kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo, na upande wa pili kwenye altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, altaneta haina umeme, hivyo mkondo unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu na kuingia altaneta. Taa inawaka. Mkondo huohuo mdogo ndio unaoamsha sumaku ya rota, sehemu ya altaneta inayozunguka, na ndiyo maana katika baadhi ya magari balbu hiyo ikiungua, altaneta hugoma kuchaji. Injini ikishawaka, pande zote mbili zinakuwa na volti sawa, mkondo hauna pa kwenda, taa inazima. Ni ufundi wa kupendeza mno kwa balbu moja!

Sasa, umeme unaozaliwa ndani ya altaneta ni wa kwenda na kurudi, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Dayodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwa kawaida sita, huuelekeza upande mmoja. Dayodi moja ikifa, volti za pande mbili za balbu hazilingani tena, na ule mwanga hafifu ndio tofauti iliyobaki. Tena dayodi iliyoungua ikawa inapitisha umeme pande zote ni kama tundu kwenye mtungi: gari limezimwa, na umeme wa betri unavuja usiku kucha. Ukigusa altaneta ukaikuta ya moto ilhali injini imeshapoa, shuku dayodi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta mita ya volti. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ukiichaji vizuri na bado ikaganda karibu na 10.5, seli moja kati ya sita imekufa, na hapo kweli betri ndiyo yenye kosa.

Kisha washa injini. Namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5, na isiporomoke ukiwasha taa kubwa na feni. Ikibaki 12 na ushei huku ikishuka, betri haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta, imeharibika na tindikali inachemshwa. Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamuru altaneta hupandisha na kushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo usiyahukumu kwa kipimo kimoja. Ukigeuza mita isome umeme wa kwenda na kurudi, injini ikiwa inaunguruma, ikazidi nusu volti kwenye betri, tunarudi kwenye dayodi zetu.

Hata hivyo usiifungue altaneta haraka. Mkanda unaoizungusha ukilegea huteleza na kupiga kelele, na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Pima kwenye bolti ya kutolea umeme ya altaneta, kisha kwenye betri. Ukikuta 14.3 kule na 13.1 huku, kosa liko njiani, kwenye waya au maungio.

Na ile desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuijaribu" altaneta, tafadhali iache. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, volti hupaa kwa kasi, na zinaweza kuunguza regyuleta, dayodi zilizokuwa nzima, hata kompyuta ya gari.