Wanasesere wa viungo vya tufe si mabaki ya utoto

Hapa Mombasa, mtu mzima akionekana na mwanasesere wa viungo vya tufe, yaani mwenye maungio ya mviringo kama mpira yanayomwezesha kukunjwa, hudhaniwa kuwa ameshindwa kuachana na michezo ya utotoni. Sivyo. Wanasesere hawa, kwa umbo lao la sasa, walianza mwaka 1999, pale Volks, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiuza vifaa vya kuundia sanamu, ilipotoa Super Dollfie wa resini (aina ya plastiki ngumu), mwenye urefu wa takriban sentimita 57, ambaye viungo vyake hushikiliwa na lastiki iliyopitishwa ndani ya mwili. Mkusanyaji basi huweza kuvutwa kwanza na picha, kisha na kazi ya mkono: kupaka uso rangi, kubadilisha macho, na hasa kushona, ufundi ambao washonaji wetu wa Mtaa wa Biashara wanaujua vizuri.