Askari Kambini Akisubiri Vita: Maswali na Majibu Kuhusu Magonjwa ya Mkusanyiko

Kijana wa Mbagala aliyemaliza kidato cha sita anajiandaa kuripoti JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Katika kusoma kwake alikutana na habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, zikamtia hofu ya maisha ya kambi. Aliniandikia, na mama yake akaongeza swali lake. Nayajibu hapa kwa sababu yanamhusu pia mtu wa Dar es Salaam anayeishi nyumba ya vyumba kumi na choo kimoja.

Shikamoo daktari. Nimesoma kwamba vita ile magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa. Hesabu iliyozoeleka ni ya vifo kama 620,000 kwa pande zote mbili, na karibu theluthi mbili vilitokana na maradhi: kuhara, homa ya matumbo, nimonia, surua, malaria. Upande wa Kaskazini, yaani jeshi la serikali lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, kwa kila askari mmoja aliyekufa kwa silaha, wawili hivi walikufa kwa ugonjwa. Wapo walioondoka duniani hawajafyatua hata risasi moja.

Sasa kambini adui hayupo. Ilikuwaje watu wafe huko?

Vita ile ilikuwa ya kusubiri kuliko kupigana. Mapigano makubwa yaliweza kwisha kwa siku mbili tatu, halafu jeshi likakaa miezi. Majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, zaidi ya askari laki moja wa Kaskazini walipiga kambi kando ya mto Rappahannock, Virginia, ng'ambo ya mji wa Fredericksburg. Huo ni mji mzima uliozuka bila bomba wala mfereji.

Choo chao kilikuwa mtaro mrefu wenye gogo la kukalia. Kunanuka, usiku kuna baridi, basi kuruta anajisaidia nyuma ya hema. Mvua ikinyesha, kinyesi kinashuka na mteremko hadi kijito, na asubuhi mwenzake anachota maji ya chai hapo hapo. Nzi nao wanatoka mtaroni wanatua kwenye nyama. Jeshi linalotembea huacha uchafu wake nyuma, lakini jeshi lililokaa huunywa. Na madaktari wa jeshi walikuwa hawajajua kwamba vijidudu ndivyo huleta maradhi: bakteria wa homa ya matumbo alitambuliwa mwaka 1880, vita vikiwa vimekwisha zamani.

Hata hivyo daktari mkuu wa jeshi lile, Jonathan Letterman, alisimamia usafi kwa amri: vyoo vichimbwe na kila siku vifukiwe kwa udongo, visima vichimbwe, mahema yahamishwe, askari wapate mboga na mkate laini. Afya ya jeshi ikapanda kabla ya dawa yoyote mpya kupatikana. Mimi huwa narudia habari hii kila nikisikia mtu akisema usafi ni kazi ya wenye fedha.

Hapa kwetu mambo ni yale yale. Masika ikishika, kuna wanaotapisha vyoo usiku ili mvua ichukue, na jirani wa bondeni ndiye anayepokea. Kipindupindu cha 2015 hapa Dar es Salaam kilianzia Kinondoni, na njia yake ilikuwa hiyo: kinyesi, maji, mkono, mdomo. Kutapisha choo ni kumlisha jirani kinyesi. Siwezi kulisema kwa upole.

Eti kahawa iliwasaidia?

Ndiyo, bila wao kujua. Askari wa Kaskazini alipewa kahawa kila siku, na maji yaliyochemka yakaua vijidudu. Wewe chemsha maji yachemke sawasawa au tia dawa ya maji kwa kipimo cha pakiti, kisha uyafunike. Kikombe cha kuchotea kiwe na mpini, vidole visiguse maji.

Je, askari weusi waliugua sawa na wengine?

Hapana, waliumia zaidi. Watu weusi wapatao 180,000 walilitumikia jeshi la Kaskazini, na karibu 40,000 walikufa, kama 30,000 kati yao kwa maradhi. Walipangiwa kazi nzito za kuchimba, kambi mbaya zaidi na madaktari wachache. Miili yao haikuwa dhaifu, walinyimwa huduma.

Na surua?

Ililipuka zaidi kwenye kambi za mwanzo, hasa kwa vijana wa mashambani ambao hawakuipata utotoni. Siku hizi mtoto huchanjwa akiwa na miezi tisa na tena kumi na minane. Kama hujui ulichanjwa, uliza kituo cha afya kabla ya kuripoti.

Mimi ni mama yake. Mwanangu hajawahi kulala nje ya nyumbani. Upweke hauwezi kumdhuru?

Dada yangu, madaktari wa vita ile waliuandika kama ugonjwa kamili. Askari aliacha kula, akakosa usingizi, akajilaza tu. Kuna waliopewa likizo wakapona. Kambi zenye ratiba, michezo na barua za nyumbani zilikuwa na nafuu. Mwambie mwanao kwamba wiki za kwanza ni ngumu kwa kila mtu. Lakini akikosa usingizi mfululizo, au akisema maisha hayana maana, asinyamaze bwenini; amwone mhudumu wa zahanati ya kambi siku hiyo hiyo.

Nikianza kuhara kambini nifanye nini?

Zamani wangekupa vidonge vyenye zebaki, na vingekumaliza. Leo anza na ORS, unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, unywe kidogo kidogo kila ukiharisha. Kama haipo, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa, kwa lita moja. Usinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha. Kinyesi kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele, au kikiwa na damu, au macho yakiingia ndani na mkojo ukakatika, usisubiri hadi asubuhi. Mwamshe afande wa zamu akupeleke, na njiani uendelee kunywa ORS, maana kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache.